Kiunzi cha Mwalimu Leodgar

Jumapili ile kanisa la Idunduma lilijaa mpaka watu wakasimama barazani kwenye baridi, na wengi wao walikuwa wamekuja kumwona mtu mmoja akiinua mikono.

Oresta Mlowe alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, mahali ambapo angemwona vizuri Mwalimu Leodgar bila watu kujua kwamba anamkagua. Yeye, mtaalamu wa kituo cha tiba, ndiye aliyemvisha kiunzi, vazi la vyuma linalomtembeza mgonjwa, kwa mara ya kwanza, mwaka uliotangulia, Mwalimu alipoletwa kituoni akiwa amebebwa kwenye blanketi. Kiharusi kilikuwa kimempiga shina la ubongo. Hakikumwachia mguu, wala mkono, wala ulimi. Macho yalibaki wazi, lakini yalitangatanga na hayakumshika mtu.

Sasa mtu huyohuyo alisimama wima mbele ya kwaya yake, ndani ya koti jeusi alilolivaa miaka yote ya ualimu wake. Chini ya koti, vyuma vyembamba vilipita kando ya mapaja, vikapanda ubavuni mpaka mabegani, vikashuka na kuishia kwenye glavu zilizoshika kila kidole peke yake. Mota zilinong'ona tu. Mkono wa kulia ukapanda, ukakata hewa, na sauti za kike zikaanza. Ukageuka kushoto, na besi zikaingia chini yake kama watu waliokuwa wakisubiri mlangoni. Akina mama walijifuta machozi kwa ncha za vitenge.

Kiunzi kilikuwa kimejifunza uongozaji huo kwenye picha za video za zamani. Batilda, mke wa Mwalimu, ndiye aliyezileta kituoni, zote alizokuwa nazo: za Pasaka, za harusi, za mashindano ya kwaya kule Makambako. Mwanzoni ilikuwa ni mazoezi ya mabega tu. Kisha kwaya ikamwomba aje asimame nao, hata kama ni kwa wimbo mmoja. Wimbo mmoja ukawa ibada nzima.

Lakini Oresta hakuwa akisikiliza kwaya. Alikuwa akitazama bega la Mwalimu. Kila wimbo ulipokaribia kuanza, mkono ule ulisita kidogo kabla ya kupanda, kama mlango unaosukumwa na mtu wa nje huku wa ndani ameuegemea. Kisha mashine iliongeza nguvu, na mkono ukaenda. Asiyeijua kazi ile asingeona kitu. Yeye alikuwa ameona Jumapili iliyotangulia, akajiambia ni macho yake. Leo hakuweza kujiambia hivyo.

Baada ya ibada Batilda alimfuata pale nje, akimshika mumewe kiwiko, uso umemng'aa.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama."

"Umemwona leo? Na tulipokuwa tunashuka ngazi amenishika bega. Mwenyewe, sijamwambia."

Oresta alitabasamu, akainamisha kichwa. Alijua kwamba kiunzi chochote kikikaribia ngazi humtafuta mtu aliye karibu na kumwekea mkono begani. Ni kanuni ya kutunza mizani. Imo ndani ya vyote. Hakuona sababu ya kusema hivyo pale, mbele ya watu waliojipanga kumpa Mwalimu mkono.

*

Kesho yake Oresta aliingia kituoni mapema, akafungua rekodi za Mwalimu Leodgar zilizo nyuma ya chujio.

Kiunzi hufanya kazi kwa kusikiliza. Vihisi vilivyobandikwa shingoni na kwenye viungo huchukua ishara za neva, hata zile hafifu ambazo haziwezi kuusogeza msuli, na mashine hukisia mtu anataka kufanya nini, kisha inammalizia. Anayetaka kusimama husimamishwa. Lakini mwili uliopigwa na kiharusi una shida yake: misuli hujikaza ovyo bila kuamriwa, hali ambayo wataalamu huiita mkakamao. Kiunzi kikiitii mikakamao hiyo, mgonjwa atatupwa chini kila hatua. Kwa hiyo waliokitengeneza waliweka chujio. Ishara yoyote inayokwenda kinyume cha mwendo unaotarajiwa huhesabiwa kuwa mkakamao na hutupwa. Kilichobaki ndicho kinachooneshwa kwenye kioo cha mtaalamu, kwa mstari wa kijani, kwa jina la mgao wa mtu, yaani sehemu ya mwendo inayotoka kwake mwenyewe.

Mgao wa Mwalimu ulikuwa mdogo siku zote, lakini ulikuwepo, na kila mtu aliridhika nao. Hakuna aliyewahi kwenda kuangalia kilichotupwa.

Oresta alikiangalia asubuhi nzima. Alisahau chai. Mkakamao wa kweli anaujua: hurukaruka, huja bila mpango, humkamata mtu hata usingizini. Huu haukuwa hivyo. Kila mara kiunzi kilipotoa ule mtetemo mdogo wa kumwandaa mtu kabla ya kumwinua, mstari ulianza kupanda upande wa pili. Mkono ulipoinuliwa, yeye aliushusha. Mguu ulipopelekwa mbele, yeye aliuvuta nyuma. Ulikuwa hivyo kanisani, barabarani, na mezani kijiko kilipokwenda mdomoni. Kiunzi kilipomkalisha kwenye kiti nyuma ya nyumba na kumwacha, mstari ulilala chini kabisa, ukatulia.

Alimwita Dakta Nyagawa, mkuu wa kituo, akamwonesha. Daktari alivuta kiti. Ndiye aliyehangaika miaka mingi mpaka viunzi vikafika nyanda hizi za juu, na mama yake mzazi alikufa kitandani na vidonda vya mgongo kabla havijafika. Alitazama mistari ile muda mrefu.

"Unafikiri ni nini?" akauliza.

"Anakataa, Daktari."

"Anakataa nini?"

"Kuinuliwa. Kutembezwa. Kwaya. Tunamwendesha mtu anayeshika breki."

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Yule mama wa Makete anayechota maji mwenyewe sasa, ukimwondolea chujio hili ataanguka na ndoo yake. Wale wawili wa kiwanda cha mbao, vilevile. Unalijua hilo."

"Sijasema tuwaondolee wote. Nasema huyu mmoja."

"Na ukishaijua ya huyu mmoja, utaacha kuwatazama wengine?"

Oresta alirudisha macho kwenye mistari.

"Wageni wa wizara wanakuja kumwona Mwalimu akiongoza kwaya," Daktari akaendelea kwa sauti ya chini. "Wakiridhika, kila wilaya itapata viunzi. Kuna watu wamelala huko Ludewa wakitazama dari. Sikwambii usifanye kitu. Kidole kinachoweza kukizima kiunzi chake ni chako wewe, sheria imekupa. Ila ukikizima, ujue unazima nini. Mtu wa namna ile akilala, kifua hujaa, mgongo huoza. Nimeuosha mgongo wa namna hiyo kwa mikono yangu."

Akarudisha miwani usoni, akaondoka. Hakumkemea, na Oresta aliona ingekuwa afadhali angemkemea.

*

Alikwenda Idunduma alasiri ya ukungu. Basi lilipanda kilima polepole, kiti cha dereva kitupu kama kwenye mabasi yote siku hizi, na kwenye miteremko mashine za kuchuma chai zilitambaa safu kwa safu zikiwa zimewasha taa.

Aliwakuta wote wawili jikoni, kando ya jiko la mkaa. Batilda alikuwa akimenya viazi. Mwalimu alikaa pembeni yake na ndoo katikati ya miguu, na mkono wake ulishuka ndooni, ukachukua kiazi, ukampa mkewe. Ukashuka tena. Kichwa chake kilitazama ukutani.

"Nimemfundisha mimi," alisema Batilda. "Mchana tunapika pamoja. Zamani hakuwahi kukanyaga jikoni."

Oresta alikaa kwenye kigoda, akamweleza. Alitumia maneno mepesi, hakuacha kitu. Kisu cha Batilda kilisimama kwenye kiazi.

"Anakataa kunipa viazi," alisema mwishowe, kama anayepima maneno hayo ulimini.

"Mama, tumvue mkono mmoja tu, wa kushoto. Tumuulize."

Walimvua glavu. Mkono uliotoka ulikuwa umepauka kwa jasho, laini kama wa mtoto. Oresta aliulaza juu ya kiganja cha Batilda, kwenye goti la Mwalimu, akamwinamia sikioni.

"Mwalimu, ni Oresta. Kama unanisikia, na kama kiunzi hiki hukitaki, sukuma mkono wa mama."

Wakangoja. Maji yalichemka kwenye sufuria, mfuniko ukaanza kucheza. Hakuna kilichotokea, na Batilda alianza kupumua kwa nafuu, hata tabasamu likamjia. Ndipo vidole vikajikunja. Vilijikunja kwa shida, mifupa ya ngumi ikakigusa kiganja chake, ikasukuma, polepole, kwa jitihada ya mtu anayepandisha mkokoteni mlimani, mpaka mkono wa Batilda ukatoka juu ya goti na kuning'inia.

"Mkakamao," alisema Batilda. "Wewe mwenyewe ulinifundisha neno hilo."

"Nilikufundisha, mama. Tumuulize tena."

Wakamuuliza tena. Akausukuma tena.

Batilda aliutoa mfuniko wa sufuria, akaacha mvuke utoke, akaurudisha. Alikaa akitazama mikono yake mwenyewe. "Tangu tuoane," alisema, "mtu huyu hajawahi kuniondolea mkono. Hata tukiwa tumegombana."

Kisha aliichukua glavu, akamvisha kidole kimoja kimoja, kwa ustadi, kama anavyofanya kila alfajiri. Akabonyeza kitufe cha kuinulia kilicho kifuani. Kiunzi kilitoa mtetemo wake, kikamwinua Mwalimu, na kwa kuwa Batilda ndiye aliyekuwa karibu, mkono ukaenda wenyewe ukatua begani kwake. Batilda alifumba macho, akaulalia kwa shavu.

"Huyu ndiye mume wangu," alisema. "Huyo unayemuuliza wewe simfahamu."

*

Oresta hakukizima kiunzi siku ile, wala Jumapili iliyofuata. Kila alipofikiria kukiweka kidole chake kifuani pa Mwalimu alimwona yule mama wa Daktari ambaye hakuwahi kumwona, na mgongo wake. Alijiambia kwamba anangoja wageni wapite. Akajiambia vilevile kwamba haongozwi na wageni. Hakujua ni lipi kati ya hayo mawili lililokuwa kweli.

Aliyevunja ngojangoja hiyo alikuwa Batilda. Alipiga simu kituoni asubuhi, sauti yake kavu.

"Njoo leo."

Alimkuta amekaa kando ya Mwalimu kwenye kile kiti cha nyuma ya nyumba, glavu ya kushoto imevuliwa na kuwekwa majanini. Alikuwa amekonda. Oresta alielewa kabla hajaambiwa.

"Nimekuwa nikimvua mwenyewe," alisema Batilda. "Kila siku. Nikamuuliza kwa maneno yangu, labda lugha yako haielewi. Nikamuuliza kwa Kibena. Nikamwimbia. Nikamwambia, Leodgar, kama umenichoka mimi, niambie, nitakuletea dada yako akutunze, kiunzi kibaki. Nikipeleka mkono, anausukuma." Aliigusa glavu pale majanini. "Juzi nilikitazama kile kiunzi kikinishika bega, nikaogopa. Nimelala na hofu hiyo. Nikajiona kama nimelala na mtu aliyemuua mume wangu akavaa koti lake."

"Pole, mama."

"Sikukuita unipe pole. Kuna swali moja siwezi kumuuliza. Muulize wewe."

Oresta alipiga magoti kwenye majani mabichi, akauchukua mkono wa Mwalimu akauweka juu ya wake.

"Mwalimu," alisema, "nakueleza yote, sikufichi. Nikikizima kiunzi hiki, utalala. Tutakugeuza, tutakuogesha, lakini kulala kutakudhuru. Kifua kitajaa. Unaweza usiione Krismasi. Nikikiacha, utaishi, pengine miaka, na utaendelea kuinuliwa kama hivi. Kama unataka nikizime, na umeelewa nilichosema, sukuma."

Mkono haukusogea.

Walikaa. Ukungu ulishuka mpaka ukafunika uzio wa mianzi, ukawaacha watatu hao kwenye duara dogo la majani. Batilda alikuwa amegeuza uso. Oresta alianza kufikiri kwamba jibu limeshakuja, kwamba ukimya huo ndio jibu, na alihisi moyo wake ukishukuru, jambo lililomtia aibu. Ndipo vidole vilipojikunja. Vilisukuma kwa udhaifu kuliko siku ile ya jikoni, kidogo sana, lakini vilisukuma.

Baadaye Oresta angeufikiria sana msukumo huo. Angejiuliza kama ungetosha kwa mtu asiyekuwa ameshaamua. Wakati ule alimtazama Batilda, na Batilda, bila kugeuka, akasema, "Fanya."

Akaweka kidole kifuani pa Mwalimu. Kiunzi kikatoa mlio mfupi. Viungo vyote vikalegea kwa pamoja, na mwili waliokuwa wamezoea kuuona wima ukaporomoka ndani ya koti lake, kidevu kikaanguka kifuani, wakamdaka kabla hajatoka kitini. Ulikuwa mzito kuliko walivyodhani.

"Basi na wewe utakuja kumgeuza," alisema Batilda akihema, mikono yake ikiwa kwapani mwa mumewe. "Usiniachie peke yangu jambo hili."

*

Dakta Nyagawa alituma gari kuchukua kiunzi. Hakumwandikia Oresta onyo, ila aliacha kumwita kwenye chai. Wageni walipokuja walioneshwa yule mama wa Makete na ndoo yake, wakapiga makofi, na viunzi vikaruhusiwa. Cha Mwalimu kilipimwa upya kikapelekwa Ludewa, akavishwa mwanamke aliyekuwa ameanguka kwenye mgodi wa makaa. Idunduma wapo walioacha kuitikia salamu ya Oresta. Mama mmoja wa kwaya alimwambia njiani, bila hasira, kwamba walikuwa wamepewa mtu wao mara ya pili na yeye akamchukua.

Rekodi za wagonjwa wengine, zile zilizo nyuma ya chujio, hakuzifungua. Kila asubuhi aliwasha kioo, akatazama mistari ya kijani, akawatia moyo, akawasifu. Alijua mahali zilipo. Zilihitaji aguse mara mbili tu.

Na kila asubuhi, kabla ya kazi, alipanda Idunduma kumgeuza Mwalimu. Miezi ya mwanzo ilikwenda vizuri kuliko alivyotarajia. Mwalimu alikuwa ametulia, usingizi wake mzuri, na Batilda alimsomea magazeti, akamnyoa ndevu. Halafu baridi ya Juni ikaja na kifua kikaanza kukoroma. Kidonda kikafunguka juu ya nyonga, wakakipigania, kikaziba, kikafunguka kingine.

Asubuhi moja Batilda alikuwa ameenda jikoni kuleta maji ya moto. Oresta aliinama kumweka Mwalimu mto, na mkono wa kushoto ukamshika kifundo cha mkono.

Oresta aliuacha umshike. Vidole vilijifunga, kwa shida ileile aliyoijua, kisha mkono ukaanza kuvuta. Haukusukuma. Ulimvuta kuelekea kifuani pake, polepole, mpaka uso wa Oresta ukawa karibu na wake na akausikia ule mkoromo wa kifua.

"Unataka nini, Mwalimu?"

Mkono ukavuta tena.

Walikuwa wamekubaliana naye neno moja tu, la kukataa. La kuvuta hawakuliwekea maana. Hakuna aliyefikiri kwamba litahitajika. Huenda alitaka maji. Huenda alisikia baridi, au kidonda kilimchoma, au alitaka tu mtu awe karibu. Huenda alitaka kusimama. Oresta alifungua mdomo kumuuliza hilo la mwisho, akaona kwamba akiitikia hana cha kumpa, kwa sababu kiunzi chake asubuhi hiyo kilikuwa kikimtembeza mtu mwingine Ludewa. Akaufunga mdomo. Akavifungua vidole vile kimoja kimoja, kwa upole wote alioujua, akaulaza mkono ule juu ya shuka.

Batilda aliingia na beseni. Alisimama mlangoni.

"Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu, mama. Mimi ndiye niliyemshika."

Batilda aliitazama alama ya vidole iliyokuwa bado imebonyea kwenye kifundo cha Oresta. Aliitazama mpaka ikaanza kufifia. Kisha akaweka beseni chini, akakunja mikono ya gauni.

"Shika upande wa miguu," alisema.

Wakamgeuza.